Kulungu wa Mwisho wa Tolliver

Jumapili, 2 Desemba 1934

Hatua nane za dansi. Nilizihesabu. Nilimgonga Purvis begani, Purvis akaniachia Augusta Fenwick kama adabu inavyotaka, nikamshika mkono, nikasema, "Augusta, kwa muda mrefu sasa," na papo hapo kidole kikagonga bega langu mimi. Dabney Crouch. Muuza bima. Anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Sheria ni sheria. Aliyegongwa bega hakatai. Wala haruhusiwi kumgonga yule yule aliyemtoa. Sharti angoje mwingine amtoe kwanza. Nikarudi mstarini nikiwa nimebeba sentensi yangu nusu.

Jana nilicheza na Augusta mara kumi na moja. Zote ukizijumlisha hazifiki dakika tatu. Sentensi haijavuka neno "sasa."

Nieleze kidogo, endapo nitakuwa na wajukuu na wakaiona shajara hii. Hapa Tolliver mwanamume anayekwenda dansi peke yake anaitwa kulungu. Kulungu husimama pamoja kwenye mstari kando ya ukumbi, mikono nyuma, wakiwatazama wanaocheza, na yeyote kati yao anaweza kwenda kumgonga bega mwenye msichana na kumchukua. Hivyo msichana mzuri hupita mikononi mwa wanaume mara ishirini kwa wimbo mmoja, na ndiyo sifa yake. Mimi ni kulungu kwa mwaka wa tisa. Hakuna aliyenizidi ila Purvis, na Purvis aliugua surua msimu mmoja kwa hiyo hahesabiki.

Tatizo ni kwamba baada ya mwaka mpya Augusta anakwenda Baltimore kukaa na shangazi yake na kusomea ukutubi. Baltimore imejaa wanaume. Lazima nimpose kabla hajapanda treni. Nahitaji dakika tano tu. Dakika tano bila kidole begani.

Hattie, dada yangu, aliniuliza wakati wa kifungua kinywa kwa nini nisiende kwa akina Fenwick, nikabisha hodi, nikamwomba Augusta nimpeleke dansi kama binadamu wengine. Alisema pale mlangoni hakuna wa kunigonga bega ila mbwa. Nikamjibu kwamba anayempeleka msichana dansi amejifunga kamba mwenyewe, na kulungu hafungwi kamba. Akasema, "Kaka, anayeogopa kugonga mlango ndiye anayegonga mabega." Nilikuwa natafuna.

Jumanne, 4 Desemba

Nimepata mpango. Siku nzima dukani nimechora ramani ya ukumbi.

Dansi zetu huchezwa juu ya kituo cha zimamoto. Chini gari la moto, juu sisi. Kwenye kona ya nyuma, mbali na bendi, kuna chungu cha mmea mkubwa wa majani mapana, na nyuma yake kimlango kidogo kinachofunika tundu la nguzo ambayo wazima moto huteremkia wakiitwa. Hakuna anayekwenda huko. Nikimzungusha Augusta polepole, kwa hatua kumi na mbili tutakuwa nyuma ya majani, na kulungu hagongi bega asiloliona.

Mjomba Rufus, mwenye duka na nyumba tunamoishi, aliuliza ninachochora. Nikasema ni shelfu mpya. Akasema shelfu mpya ina wanawake wawili na ngoma? Mteja aliyetaka bawaba za mlango aliondoka na mbegu za kabichi. Amezirudisha.

Jumapili, 9 Desemba

Nimelala kifudifudi. Nitaeleza sababu.

Mwanzo ulikwenda vizuri ajabu. Nilimtoa Dabney (raha yake!) nikamzungusha Augusta kuelekea kona. Hatua kumi na mbili kamili. Tukawa nyuma ya majani. Nikasema, "Augusta, kwa muda mrefu sasa nimekuwa," yaani nimesonga mbele neno zima, na yeye akaniangalia kwa macho ya mtu anayesikiliza. Naapa alikuwa anasikiliza.

Ndipo pepeo la Bi. Beasley likanishukia kwenye vidole. Huyu ndiye mkuu wa wamama wanaokaa vitini ukutani kulinda tabia zetu. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye bendi kwamba wawili nyuma ya mmea hawachezi dansi, wanacheza mchezo mwingine, na watokee mbele wakautaje jina. Nikarudi nyuma hatua moja ili nimwinamie kwa heshima. Kimlango kikafunguka.

Nguzo ile imetengenezwa kwa mtu anayejua kwamba anateremka. Mimi sikujua. Niliangukia juu ya gari la moto na mgongo wangu ukaipiga kengele. Juu wakasikia kengele, na wanaume tisa ambao ni wazima moto wa kujitolea wakaacha wasichana wao na kuteremka nguzo mmoja baada ya mwingine, wote juu yangu. Wa mwisho alikuwa Purvis. Purvis ni mzito.

Niliporudi juu, Dabney alikuwa akicheza na Augusta. Yeye si mzima moto. Bima inamfundisha mtu kutokimbilia hatari.

Hattie alikwama tena, nyimbo sita na Purvis kabla ya kengele, hakuna aliyekuja kumtoa. Namhurumia Purvis.

Jumanne, 11 Desemba

Nimekuwa mjinga. Kwa nini nijifiche kulungu wasinione, wakati naweza kuwafunga kwa ahadi?

Leo niliwakusanya wote saba kwa kinyozi. Nikawaambia wazi: Jumamosi hii, nikishamshika Augusta Fenwick, asiniguse mtu. Kidole cha yeyote kisilione bega langu mpaka bendi ipumzike. Ni heshima ya kulungu kwa kulungu. Heshima ikaonekana haitoshi, kwa hiyo Purvis nimempa mbwa wangu wa kuwindia kware hadi Pasaka. Mwingine anataka gari langu siku ya harusi ya binamu yake. Wale mapacha wa kiwanda cha tumbaku nimewaahidi nyama ya paja la nguruwe iliyokaushwa moshini na Mjomba, ambayo Mjomba bado hajui kwamba ameitoa.

Nilimwogopa Dabney tu. Nikajua atadai kitu kikubwa. Hakudai chochote! Alinyolewa ndevu huku akitabasamu ndani ya povu, akasema hana neno, atakaa mbali na Augusta usiku mzima. Kisha akauliza kama Hattie atakuja. Nikamwambia Hattie huja kila wiki, nani wa kumzuia. Akasema vizuri.

Mtu anayekubali bila kudai ana lake jambo. Nitamchunga.

Ijumaa, 14 Desemba

Nimemaliza hotuba. Inachukua dakika nne na nusu kwa mwendo wa dansi ya waltzi. Inaanza "Augusta, kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikitaka kukuambia" na inamalizikia kwenye neno lenyewe. Nimeijaribu stoo mbele ya magunia. Mjomba Rufus alikuwa nyuma ya mlango. Akasema yeye binafsi amekubali, ila chakula cha kuku hakijajibu.

Jumapili, 16 Desemba

Niandike tu.

Wimbo wa pili nilimgonga Purvis begani. Akaniachia na kunikonyeza. Nikasema, "Augusta, kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikitaka," halafu nikasimama kidogo kungoja kidole. Miaka tisa nimezoea kidole. Hakikuja. Nikageuza shingo. Kulungu wanne wanatazama dari. Watatu wameshakwenda kumgombea dada yangu, nadhani kwa kukosa kazi. Hakuna anayekuja. Dunia nzima ni yangu.

Hotuba ikaniruka. Yote, neno kwa neno, kama kuku aliyeona mlango wazi. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni misumari. Nilimweleza Augusta Fenwick tofauti ya msumari wa mabati na msumari wa mbao. Alisema hakujua hayo. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Adabu haimruhusu mwanamume kumwacha msichana peke yake katikati ya ukumbi, lazima atolewe. Na aliyetakiwa kunitoa alikuwa amepewa mbwa wangu.

Wimbo wa tatu nilizungumzia seng'enge. Wa nne sikumbuki. Wa tano Augusta alikuwa ameacha kujibu, na vidole vyake vimekuwa baridi. Tulipopita dirishani nikaona sura yake kwenye kioo. Augusta Fenwick, ambaye tangu azaliwe hajapita hatua ishirini na mwanamume mmoja, alikuwa anainua nyusi juu ya bega langu kuuomba mstari msaada. Na mstari, kwa uaminifu wa kusikitisha, ukatazama dari.

Nyimbo sita. Dakika thelathini na tano. Wamama wa ukutani walikuwa wameinamiana masikioni, mapepeo yanakwenda mbio. Wachezaji wengine wakawa wanatupisha kama tumebeba jeneza. Mwishowe Bi. Beasley akamtuma mume wake. Jaji Beasley ana miaka themanini na moja na fimbo. Alitumia ubeti mzima kutufikia. Akanigonga bega kwa hiyo fimbo.

Augusta alimshika yule mzee kama mtu aliyetolewa mtoni. Kabla hajageuka aliniambia kwa sauti ndogo, "Lemuel, nimekukosea nini?"

Hattie, kwa upande wake, hakumaliza hatua tano na mtu yeyote. Walimpokezana usiku kucha. Dabney alimchukua mara saba. Sijui wameingiwa na nini.

Jumatatu, 17 Desemba

Sikwenda dukani. Hattie alinitengenezea kahawa, akaketi, akanieleza nilichofanya. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige kelele.

Alisema msichana asiyetolewa amekwama, na aliyekwama mji mzima unamwona. Kwamba jana asubuhi kanisani wameshauliza kama Augusta ana ugonjwa, au ana doa la tabia mahali fulani, au kinywa chake kina harufu. Mama Fenwick amelala na kitambaa cha siki kwenye paji la uso. Nikasema mimi nilitaka tu nafasi ya kuzungumza naye. Hattie akasema nafasi ilipatikana, nikaijaza misumari.

Halafu akaniambia jambo jingine. Kwamba nyuma ya bendi kuna kioo kikubwa. Kwamba kila msichana aliyekwama hujiona humo, na humwona pia yule aliyemshika akiwakonyeza wenzake waje wamwokoe. Yeye amekiangalia kioo hicho miaka minne. Amemwona Purvis akikonyeza. Amewaona wote. Na ameniona mimi, kaka yake, nikiwa mstarini, nikikonyezwa, nikaangalia viatu vyangu.

Nikasema kulungu hamgongei bega dada yake. Akasema sheria hiyo haipo. Mchana nilimpigia simu Bi. Beasley. Haipo.

Nimeona aibu. Naiandika ilivyo: nimeona aibu, na nilikaa nayo mpaka saa kumi jioni.

Saa kumi na robo nikapata mpango.

Alhamisi, 20 Desemba

Ni mpango wa kurudisha heshima. Rahisi kabisa. Kama Augusta ameaibika kwa kutotolewa, dawa ni atolewe zaidi ya msichana yeyote katika historia ya Tolliver. Nimewakusanya kulungu tena kwa kinyozi. Nimewagawia namba, moja mpaka saba, zimeandikwa kwenye vipande vya gunia la mbegu na kubanwa ndani ya koti. Kila baada ya nusu dakika, kwa saa yangu, namba inayofuata inatoka. Nimemwongeza Jaji Beasley kuwa namba nane kwa sababu alitaka mwenyewe. Alisema tangu Jumamosi goti limepata nguvu.

Dabney alirudisha namba yake. Akasema kwa heshima zote amechoka kupangwa, na tena alikuwa Richmond wiki iliyopita na huko watu hawasemi tena kulungu. Wanakuja wawili wawili, mtu na wake, wanacheza, wanarudi nyumbani. Neno lenyewe kule linasemwa na wazee. Alisema, "Lem, mstari wetu ni nyumba inayovuja, na wewe unapaka rangi."

Msaliti! Namba yake nimempa mpiga tarumbeta, wakati wa mapumziko yake.

Mapacha wameanza kuniulizia lile paja la nguruwe. Mjomba pia.

Jumapili, 23 Desemba

Kwa upande wa heshima, tumefaulu. Nasema hilo kwanza.

Augusta alikuja amevaa kijani, shingo imenyooka, kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu. Nikainua saa. Namba moja akatoka. Nusu dakika, namba mbili. Nusu dakika, namba tatu. Wamama wakashusha mapepeo. Mzunguko wa pili nikapunguza muda ukawa robo dakika, kwa sababu ya msisimko, na mzunguko wa tatu saa ikasimama nikawa nawapungia mkono tu. Alipita mikononi mwao kama ndoo ya maji siku ya moto. Pindo la gauni likachanika. Namba tano alimgonga namba sita kabla namba sita hajamfikia, Jaji akagonga watu wawili ambao hawakuwemo, na mpiga tarumbeta alikuja na tarumbeta.

Hakuna atakayesema tena kwamba Augusta Fenwick alikwama.

Ilikuwa saa nne nilipogundua kosa. Nilikuwa nimejisahau. Namba moja mpaka nane, na mimi sina namba. Nilisimama pale ukumbini usiku kucha na saa mbovu mkononi, na sikumshika hata kidole.

Lakini alipokuwa anatoka, koti begani, alikuja moja kwa moja mstarini. Alikuwa ameshika kipande cha gunia kilichoandikwa nne kwa mwandiko wangu. Akaniuliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Akacheka mpaka akaegemea mlango. Akasema hajawahi kuona mtu anayehangaika hivi kwa kitu kilicho karibu hivi, na kwamba nikale Krismasi njema. Sijui alimaanisha kitu gani. Mahali gani karibu? Nilikuwa upande wa pili wa ukumbi.

Bi. Beasley alisimama juu ya kiti na kutangaza kwamba ameyaona ya kutosha. Kuanzia dansi ya mkesha wa mwaka mpya, mlango utafunguliwa kwa waliokuja wawili wawili tu. Mwanamume peke yake harudishiwi koti kwa sababu hataingia akalivua. Msichana peke yake vilevile. Kulungu wamekwisha.

Miaka tisa!

Jumatano, 26 Desemba

Barua. Kutoka kwa Augusta! Imeletwa na Hattie, ambaye alisimama mlangoni mpaka nilipoifungua. Nainakili yote.

"Mpendwa Lemuel. Wanaume wawili wameniomba wanipeleke dansi ya mkesha, nimewakataa wote. Jumatatu saa moja na nusu jioni nitakuwa nyumbani, nimevaa koti, nimekaa karibu na mlango. Mbwa tutamfunga. Treni yangu ya Baltimore ni kesho yake mchana, isipokuwa kama nitakuwa na sababu ya kutopanda. Augusta."

Nimeisoma mara tisa. Ni barua ya kirafiki sana. Amenipa ratiba yake yote bila kuombwa. Ila kuna jambo linanikera, na kadiri ninavyosoma ndivyo linavyozidi. Amewakataa wawili. Bila mtu wa kumpeleka hawezi kuingia. Na bado atavaa koti na kukaa mlangoni anangoja.

Maana yake kuna wa tatu.

Hattie aliniuliza nimeelewa. Nikasema nimeelewa vizuri mno. Akaniuliza tena polepole, kama unavyomuuliza mtu aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Nikamwambia asinihurumie, mimi ni mwanaume. Alikwenda kusimama uani bila koti.

Jumamosi, 29 Desemba

Bado sijamjua wa tatu.

Nilianza na Dabney, ila Dabney si yeye. Jana jioni alikuja hapa kwetu, mlango wa mbele, kofia mkononi, na akabisha hodi. Alitaka kujua kama Hattie angependa kwenda naye mkesha. Alichukua sekunde kumi hivi. Hattie akasema angependa. Basi, hapakuwa na kingine. Hakuna ramani, hakuna saa, hakuna hata dondoo. Alisimama pale kwenye zulia kama mleta maziwa. Nilimwonea huruma. Alikuwa kulungu mzuri.

Purvis si yeye, anampeleka mjane wa posta. Mapacha wamepata wasichana mapacha. Wengine wote wamepata pia, wiki moja tu, kila mmoja amebisha hodi mahali. Nilimwambia kinyozi kwamba nilidhani nina jeshi, kumbe nilikuwa na foleni. Akasema nishushe kidevu.

Kwa hiyo katika mstari wa kulungu nimebaki mimi. Sawa. Mstari wa mtu mmoja bado ni mstari.

Mjomba Rufus, baada ya kusikia habari za wa tatu, aliiomba barua, akaisoma, akanirudishia. Akasema amewahi kuwa na nyumbu aliyekufa kwa kiu akiwa amesimama ndani ya mto. Sijui kwa nini siku hizi kila mtu ananisimulia wanyama.

Jumatatu, 31 Desemba. Saa moja jioni

Naandika haraka nikiwa nimesimama, koti la dansi limeshavaliwa, glavu mfukoni.

Mpango uko tayari na ni bora kuliko yote. Mlango wa mbele unalindwa na Bi. Beasley na hapiti mwanaume peke yake. Lakini Bi. Beasley amesahau kwamba ukumbi ule una mlango wa pili. Ni nguzo. Tangu kituo kijengwe watu wameteremka tu. Hakuna aliyewahi kufikiria kupanda. Mimi nimefikiria. Nimepaka viatu nta ya mishumaa ili vishike. Mazoezi ya jana stoo nilifika futi nane kabla ya kurudi. Leo nitafika juu, nitafungua kimlango, nitasimama nyuma ya majani. Nitangoja.

Ataingia na huyo wa tatu wake. Wataanza kucheza. Na hakutakuwa na kulungu mwingine ukumbini wa kunivuruga, hata mmoja, kwa hiyo nikishamgonga huyo bwana begani Augusta atakuwa wangu mpaka bendi ichoke. Hotuba ninayo kwenye kiganja, kwa wino.

Dabney na Hattie wameondoka sasa hivi. Hattie aliniuliza mara ya mwisho, mbele ya Dabney, saa moja na nusu nitakuwa wapi. Nikasema mahali panaponipasa. Akanibusu shavuni, akasema, "Asante Mungu, kaka." Alikuwa na machozi. Sikujua kwamba mambo ya kulungu yanamgusa kiasi hicho.

Saa moja na dakika ishirini na tano. Nimechelewa kwa sababu ya nta. Nimepita mbele ya nyumba ya akina Fenwick kwa macho, yaani kutoka dirisha la chumba changu unaiona. Taa ya ukumbini kwao inawaka na kuna mtu ameketi karibu na mlango. Mbwa haonekani. Sioni gari la mtu yeyote. Huyo wa tatu hana adabu, kumweka msichana kama yule akingoja. Hamstahili, na usiku huu nitamwonyesha.

Simu inalia chini. Mjomba ananiita, anasema ni kwa akina Fenwick. Nimemwambia aseme nimeshatoka.